Printa ya Nyumbani Isifungue Kompyuta Nzima

"Mpe haki za usimamizi, ni printa tu." Ndivyo wasemavyo wengi mfanyakazi anapotaka kuunganisha printa ya nyumbani na kompyuta mpakato ya ofisi. Lakini huduma ya uchapishaji ya Windows huendeshwa kwa mamlaka ya mfumo wenyewe. Programu hasidi ya Stuxnet, iliyogunduliwa 2010, ilipitia humo kusambaa. Mwaka 2021 ukajulikana udhaifu wa PrintNightmare, uliomwezesha hata mtumiaji wa kawaida kupenyeza draiva (programu ya kuiendesha printa) yenye hila na kuitawala kompyuta yote. Agosti mwaka huo Microsoft ikamzuia asiye msimamizi kuchukua draiva mpya kutoka kwenye seva ya printa. Tena, haki ukishazitoa haziishii kwenye printa: programu yoyote itaingia.

Wengine hudai kwamba draiva ya kampuni kubwa haina shaka. Lakini mwaka huohuo wa 2021 watafiti wa SentinelOne walifichua kasoro kubwa katika draiva iliyotumiwa na printa za HP, Samsung na Xerox. Ilikuwamo tangu 2005.

"Basi tupige marufuku." Hoja hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu huvaa sura ya usalama. Mhasibu anayetakiwa kuwasilisha karatasi zilizosainiwa asubuhi hatakaa kimya. Atalituma faili kwa WhatsApp yake, alipeleke steshenari ya mtaani, na orodha ya mishahara ibaki kwenye kompyuta ambayo kila mpita njia huitumia. Na taarifa kama hizo zinalindwa kisheria: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019. Ofisi haiwezi kunawa mikono kwa kusema ilikataza printa.

Na wanaosema hakuna njia nyingine? Ipo. Printa nyingi za sasa hutumia itifaki ya IPP, ambayo Windows inaielewa bila draiva ya mtengenezaji. Windows 11 toleo la 24H2 ina hata hali ya uchapishaji salama inayozikataa kabisa draiva za nje, ingawa printa za zamani hazitafanya kazi humo. Kwa hizo za zamani, fundi huzikagua draiva na kuziweka mapema katika hifadhi ya kompyuta. Mtumiaji akichomeka waya wa USB, printa inakubaliwa bila kuombwa nenosiri.

Ndugu zangu wa TEHAMA, waulizeni wafanyakazi wana printa gani, pakieni draiva hizo, kisha ondoeni haki za usimamizi mlizogawa.