Mtahiniwa Hajisahihishii

Siku hizi wahandisi hujenga kiwanda kizima ndani ya kompyuta kabla tofali la kwanza halijawekwa: mashine, foleni za bidhaa, hata zamu za wafanyakazi. Sina ugomvi na kazi hiyo. Kule Uingereza K. D. Tocher aliviigiza viwanda vya chuma namna hiyo tangu karibu na mwaka 1960. Ugomvi wangu ni na muhuri wa “imehakikiwa” unaogongwa mara tu programu inapokwenda bila kukwama.

Wataalamu wenyewe, kama Robert Sargent wa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, wametenganisha mambo mawili. Uhakiki huuliza: je, programu inafanya alichokusudia mwandishi wake? Uthibitisho huuliza: je, alichokusudia kinafanana na kiwanda chenyewe? Sisi wa vyuo vya ualimu twaijua tofauti hiyo. Andalio la somo laweza kuwa safi kabisa, na bado mwanachuo akababaika mbele ya watoto 50 wa darasa la tatu. Ndiyo maana tuliketi nyuma ya darasa, kalamu mkononi.

Chukua hesabu hii, msomaji. Kazi moja huifikia mashine kila dakika 10, nayo huimaliza kwa dakika 9. Iandike hivyo hivyo katika kompyuta, na hakuna kazi itakayosubiri. Lakini kiwandani umeme huyumba, na malighafi huchelewa kisha huja kwa mkupuo. Zifanye 10 na 9 ziwe wastani tu, zikipanda na kushuka kwa nasibu jinsi vitabu vya foleni vinavyofundisha mwanzoni, na kila kazi itasubiri wastani wa dakika 81. Programu zote mbili zimepiga hesabu sawasawa!

Nani basi asahihishe? Si aliyeitunga, wala si kwa takwimu zile zile alizoitungia. Kuna jaribio lililopewa jina la Alan Turing: changanya taarifa za kiwanda halisi na za kompyuta, ondoa majina, mpe msimamizi wa zamu. Akiitambua ya bandia na kueleza sababu, programu irudi mezani. Na kama kiwanda bado hakijajengwa, waigize kwanza kinachofanana nacho.

Nitaambiwa msimamizi huyo hajui kompyuta. Hajui, anajua mashine ipi hukwama kila Jumatatu asubuhi. Alipwe siku hiyo posho ya mtahini.