Vumbi nalo lina mkono katika kuyeyuka kwa barafu ya Greenland

INAPOZUNGUMZWA habari ya kuyeyuka kwa barafu katika ncha za dunia, lawama zote huelekezwa kwenye joto la hewa. Lakini yupo mshiriki mwingine ambaye hatajwi sana katika mikutano ya wakubwa: vumbi linalopeperushwa na upepo na kutua juu ya barafu hiyo.

Kazi yake si ngumu kuielewa. Aliyevaa shati jeupe juani hupata nafuu kuliko aliyevaa jeusi. Vivyo hivyo, theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua. Ikichafuliwa na vumbi au masizi, uwezo huo hupungua, joto hubaki na kuyeyuka huanza mapema.

Jambo hili si geni. Mwaka 1870, mtafiti Adolf Erik Nordenskiöld alikuta Greenland vishimo vya maji juu ya barafu, vikiwa na tope jeusi chini yake. Vumbi lilikuwa limepata joto, likayeyusha barafu na kuzama.

Vumbi hilo husafiri mbali. Uchunguzi wa barafu iliyochimbwa kutoka kina kirefu umeonyesha kuwa Greenland hupokea vumbi la majangwa ya Asia, na Antaktika hupokea la Patagonia, Amerika ya Kusini. Kusini-magharibi mwa Greenland, ukanda mweusi hujitokeza kila majira ya joto. Huko, fosforasi iliyomo katika vumbi hurutubisha mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao huzidisha weusi.

Je, nani alaumiwe? Upepo wa jangwani hauna wa kushitakiwa. Masizi, hata hivyo, mengi yana wenyewe: injini za dizeli, viwanda na meli. Mwezi Julai 2012, takriban asilimia 97 ya uso wa barafu ya Greenland iliyeyuka kwa siku chache, na watafiti walibaini kuwa masizi ya moto wa misitu yalishirikiana na joto kuleta hali hiyo.

Hapa ndipo penye nafasi. Hewa ya ukaa hudumu angani kwa karne nyingi, bali masizi hudumu siku au wiki chache tu. Yakipunguzwa leo, nafuu huonekana mapema.

Kuanzia Julai 1, 2024, Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) lilipiga marufuku mafuta mazito ya meli katika bahari ya Aktiki. Ni hatua ya kupongezwa, lakini ina mianya. Baadhi ya meli zimesamehewa kutokana na muundo wa matangi yake, na nchi za eneo hilo zinaweza kutoa ruhusa kwa meli zao hadi Julai 2029.

Kuzuia masizi pekee, bila kupunguza hewa ya ukaa, ni kutwanga maji kwenye kinu. Kati ya mwaka 1992 na 2018, Greenland ilipoteza takriban tani trilioni 3.8 za barafu na kuinua bahari kwa karibu milimita 11. Bahari ni moja: kinachoyeyuka huko hufika Mombasa na Dar es Salaam. Kusubiri hadi 2029 kuziba mianya inayojulikana ni kuongeza weusi juu ya barafu kwa makusudi.