Anwani ya tovuti ikigombewa, kampuni ya usajili ifanye nini?

Kikundi kinaamua kuwa na tovuti. Kijana anayejua kompyuta anapewa fedha, anasajili, na wanachama wanafurahi kuona jina lao kwenye simu. Baadaye wanakosana naye. Hapo ndipo inagundulika kwamba anwani ya tovuti, ambayo wataalamu huiita jina la kikoa, imeandikishwa kwa jina lake na baruapepe yake, kama laini ya simu ya kikundi iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha katibu. Viongozi wanaipigia kampuni ya usajili: turudishieni jina letu. Kampuni inakataa.

Tunaona ina haki ya kukataa. Sababu yake inaonekana katika kesi moja ya Marekani.

Mwaka 1994 Gary Kremen alisajili sex.com, jina ambalo redioni hatulitamki mara mbili. Mwaka uliofuata Stephen Cohen aliipelekea kampuni ya usajili, Network Solutions, barua ya kughushi iliyodai kwamba kampuni ya Kremen imemfukuza kazi na haitaki tena jina hilo. Barua ilieleza pia kwamba kampuni hiyo haina intaneti, ingawa biashara yake ilikuwa matangazo ya intanetini! Network Solutions haikumpigia Kremen hata simu moja. Ikahamisha jina.

Kremen alihangaika mahakamani kwa miaka. Cohen aliamriwa kulipa dola milioni 65, akakimbia nchi. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikasema jina la kikoa ni mali, na aliyekabidhiwa kulisajili anaweza kuwajibika akimpa mtu asiyehusika.

Kwa hiyo kampuni ikipokea malalamiko, kazi yake si kuamua nani mkweli. Izuie jina lisihamishwe, imwandikie mmiliki aliyeko kwenye kumbukumbu, itake vielelezo kutoka pande zote mbili: cheti cha usajili wa kikundi, muhtasari wa kikao, risiti za malipo. Kuizima tovuti kwa sababu mmoja amepiga kelele zaidi ni kosa. Lakini kukaa kimya ni kosa pia. Mlalamikaji ana haki ya kuambiwa aende wapi.

Kwa majina yanayoishia na .com, upo utaratibu wa kimataifa tangu 1999. Mlalamikaji hupeleka shauri, kwa mfano, kwenye Shirika la Miliki Bunifu Duniani, na mlalamikiwa hupewa siku 20 kujibu. Ada huanzia dola 1,500, fedha ambazo vikundi vingi havina. Tena utaratibu huo ni wa wanaonyakua alama za biashara za wengine kwa nia mbaya; ugomvi wa kikundi na fundi wake mara nyingi huishia mahakamani. Majina ya .tz na .ke yana taratibu zake, na kampuni mliyosajili nayo ndiyo ya kuulizwa kwanza.

Kama bado mnaelewana na kijana wenu, mwombeni leo awaonyeshe kumbukumbu za usajili. Zikiwa na jina lake, aombe mwenyewe kubadilisha umiliki, nanyi mwambatanishe muhtasari wa kikao. Angalieni pia tarehe ya kulipia tena, maana jina lisilolipiwa hatimaye huachiwa, na yeyote anaweza kulisajili.