Televisheni Janja, Kifurushi Kimekwisha

Siku hizi hapa Mushasha, Gitega, mwenye televisheni janja asiyeiunganisha na intaneti huchekwa kama mtu aliyenunua gari la kuegesha uani. Napinga kicheko hicho.

Ndugu wanafunzi, nyumba zetu nyingi hazina waya wa intaneti. Tunachoita waifai ya nyumbani ni simu ya mzazi iliyowashwa hotispoti. Televisheni haijui hilo. Video ya ubora wa HD hula hadi gigabaiti 3 kwa saa. Filamu ya saa mbili hufikia 6. Ikiachwa, televisheni hucheza video inayofuata na kupakua masasisho bila kuomba ruhusa. Asubuhi, anayetaka kusoma makala moja ya kurasa kumi huambiwa kifurushi kimekwisha. Nani mjanja hapo?

Tena chombo hicho huweza kumtazama anayekitazama. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2, baada ya kushtakiwa kwa kukusanya yaliyotazamwa katika televisheni milioni 11 bila idhini ya wenyewe.

Watasema tunakataa maendeleo. La hasha! Unganisheni, ila kwa masharti: shusheni ubora hadi 480, zimeni video za kujifuatanisha, zimeni ufuatiliaji wa mnachotazama, na kipindi kikiisha hotispoti izimwe. RTNB inapatikana kwa antena bila kifurushi.

Kifurushi ni chakula cha nyumba nzima. Masomo yapakuliwe kwanza, filamu zipewe makombo.