Mizani ya Haki Haiulizi Jina



Ndugu Waislamu, katika mabaraza yetu ya baada ya sala, kuanzia Kyela mjini hadi Matema, na hadi Kasumulu mpakani, ipo hoja iliyokwisha kuzoeleka kiasi kwamba haichunguzwi tena. Husemwa kuwa Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai (ICC) iliyoko The Hague imeundwa kuwahukumu Waafrika na Waislamu, na kwa hiyo mtu kama Omar al-Bashir, aliyekuwa Rais wa Sudan, ni ndugu yetu anayeonewa na yatupasa kumtetea. Hoja hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ina ukweli mwingi. Ya pili ni batili, tena ni hatari kwa dini yetu na kwa damu za ndugu zetu.

Tuanze na iliyo kweli. Machi 31, 2005, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 1593, lilipeleka suala la Darfur mbele ya mahakama hiyo, ingawa Sudan haikuwa mwanachama wake. Marekani, Urusi na China, zenye kura ya turufu katika Baraza hilo, nazo si wanachama. Azimio hilo hilo likawakinga raia wa nchi nyingine zisizo wanachama ambao wangeshiriki katika operesheni za kulinda amani nchini Sudan. Kisha, Novemba 2024, mahakama ilipotoa hati ya kukamatwa kwa Waziri Mkuu wa Israel, Benjamin Netanyahu, kwa yaliyotendeka Gaza, haukupita muda mrefu Marekani ikaiwekea mahakama yenyewe vikwazo, Februari 2025. Huu ni unafiki wa wazi, na Mtume (S.A.W.) alikwisha kututahadharisha kuwa waliotutangulia waliangamia kwa sababu walimwacha mwizi mwenye cheo na kumwadhibu mwizi mnyonge.

Lakini tuizingatie tahadhari hiyo. Dawa ya ugonjwa huo ni kumfikisha mwenye cheo mbele ya hukumu, wala si kuwaachia wezi wote. Tena Bashir hakuwa mnyonge. Alikuwa mkuu wa nchi, mwenye jeshi na ndege za kivita, na waliolalamika dhidi yake ndio wanyonge.

Ni nani hao? Ni Wafur, Wamasalit na Wazaghawa, Waislamu wa Darfur, watu mashuhuri kwa kuhifadhi Qur'ani. Vijiji vyao vilichomwa, visima vyao vikaharibiwa, wanawake wao wakadhalilishwa. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walipoteza maisha kwa kuuawa, njaa na maradhi. Iweje tumlilie mtuhumiwa kwa sababu ya jina lake, na tusiwalilie waliouawa ambao nao majina yao ni Muhammad, Fatuma na Ibrahim?

Wala tusidhani kuwa mambo haya yako mbali nasi. Barabara inayovuka Songwe pale Kasumulu na kupita Karonga ndiyo inayofika Lilongwe, na huko Lilongwe, Oktoba 2011, Bashir alipokewa katika mkutano wa COMESA huku hati mbili za kukamatwa kwake, ya 2009 na ya 2010, zikiwa zimekwisha kutolewa. Malawi, mwanachama wa mahakama, ilisema kuwa mkuu wa nchi ana kinga, ikamwacha aondoke. Desemba mwaka huo mahakama iliamua kuwa Malawi imevunja wajibu wake. Ilikuwa na uwezo gani zaidi? Mahakama hiyo haina polisi hata mmoja, na hutegemea serikali zile zile zinazokaa meza moja na mtuhumiwa. Mwaka 2012 Rais Joyce Banda alikataa kumpokea Bashir, na mkutano wa Umoja wa Afrika ukahamishiwa Addis Ababa. Ni dhahiri basi kuwa kumzuia kuliwezekana, na kilichopungua mara ya kwanza ni nia.

Matokeo ya kuwaacha tumeyaona. Wanamgambo wa Janjaweed walioogopwa Darfur ndio waliozaa kikosi cha RSF mwaka 2013. Vita vya Sudan vilipozuka Aprili 2023, Wamasalit walichinjwa tena huko El Geneina, na Oktoba 2025 mji wa El Fasher ukaangukia mikononi mwa kikosi hicho kwa mauaji ya kutisha. Mwezi huo huo ndipo The Hague ilipomtia hatiani Ali Kushayb, kiongozi wa Janjaweed, kwa makosa ya miaka ya 2003 na 2004. Bashir mwenyewe alipinduliwa Aprili 2019, na hajakabidhiwa.

Ufuko wetu huu nao una ushahidi wake. Mwaka 1887 Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyetokana na watu wa Pwani, aliwaua Wangonde huko Kambwe karibu na Karonga, ndugu wa damu wa Wanyakyusa. Mwanzoni mwa Desemba 1895 Mwingereza Harry Johnston aliivunja ngome yake, akamfikisha mbele ya baraza la machifu wa Kingonde alilolisimamia yeye mwenyewe, na mara Mlozi akanyongwa. Hukumu ile ilikuwa ya mshindi, ya haraka mno, na ilimfaa mkoloni. Hata hivyo, damu ya Kambwe ilimwagika kweli. Na Wajerumani walipowanyonga viongozi wa Wangoni huko Songea, Februari 1906, hapakuwa na mahakama ya kuwauliza. Mwenye insafu huyashika yote mawili: hukemea mahakama yenye upendeleo, wala hamsafishi muuaji.

Hata Arusha kwetu ilikuwa hivyo. Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyofungwa mwishoni mwa 2015, ilishitaki watu 93 na kuwahukumu zaidi ya 60, kwa haki. Lakini hakushitakiwa hata mmoja wa jeshi lililoshinda vita, ijapokuwa sheria ya mahakama iliruhusu. Upungufu huo ulipasa kutufanya tudai mahakama zaidi, si pungufu.

Watawala wetu wamefanya kinyume. Juni 2014, huko Malabo, walipitisha itifaki ya mahakama ya Afrika ya makosa ya jinai, wakaweka kifungu kinachowakinga wakuu wa nchi walioko madarakani. Yaani wanaotoa amri ndio wasioulizwa!

Njia nyingine ipo. Hissène Habré, aliyeitawala Chad kuanzia 1982 hadi 1990 akiungwa mkono na Marekani na Ufaransa, alihukumiwa kifungo cha maisha huko Dakar Mei 30, 2016, na mahakama iliyoundwa na Senegal pamoja na Umoja wa Afrika. Walioifikisha kesi pale ni wahanga wenyewe, wengi wao Waislamu, walioidai haki kwa miaka mingi bila ya kuchoka. Hakuna aliyeweza kusema kuwa ile ni njama ya Wazungu.

Tunawaomba maimamu na waumini waache kumtetea dhalimu yeyote kwa sababu ya jina lake. Tanzania ni mwanachama wa ICC tangu 2002: tuidai isimpokee mtuhumiwa wa damu, na isikubali kifungu cha kinga cha Malabo. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamuru kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Na Mtume (S.A.W.) alipoamuru kumnusuru ndugu aliye dhalimu, alieleza kuwa nusura yake ni kumzuia asidhulumu. Tumzuie basi.