Moduli za kuitwa papo hapo: mimi nataka orodha

Nilipotea kidogo, nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Nimerudi na dukuduku.

Nilitengeneza programu ya Python ya maswali ya hisabati kwa kidato cha pili. Kila mada na faili lake: pembetatu.py, sehemu.py na kadhalika. Mwanafunzi anaandika jina la mada, importlib.import_module inapakia faili hilo programu ikiwa inaendelea. Ukitaka kuongeza mada unatupia faili jipya tu. Nikajiona fundi kweli kweli!

Asubuhi programu ikafunguka bila shida. Kipindi ni dakika 40. Dakika ya kumi hivi mtoto akachagua pembetatu, programu ikafa. Kumbe nilisahau kufunga mabano kwenye faili lile, na Python haikuligusa mpaka lilipoitwa. Aibu.

Nikarekebisha, nikawasha upya. Baadaye nikaona jibu moja la sehemu nimelikosea, nikalisahihisha programu ikiwa wazi. Wapi! Moduli ikishapakiwa inatunzwa kwenye sys.modules, ukiiita tena unapewa ile ile ya zamani. Binti mmoja aliyepata akaambiwa amekosa. Akafuta jibu lake sahihi, akaandika la uongo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kurudi hosteli, mwenzangu wa chumbani akaandika "this" kwenye sehemu ya mada. Skrini ikajaa kanuni za Python za Tim Peters! Alicheka sana, mimi sikucheka. Kupakia moduli ni kuiendesha, na programu yangu ilikuwa inaendesha jina lolote atakaloandika yeyote.

Sasa msimamo wangu. Sisemi tuache kupakia hivi, ni njia nzuri. Nasema tuandike orodha ya mada zinazoruhusiwa, jina lisilokuwemo likataliwe. Tuzipakie zote asubuhi kabla ya kipindi, mabano yaliyosahaulika tuyaone sisi kwanza. Ukibadili faili, zima uwashe, au tumia importlib.reload, ipo tangu Python 3.4 ya mwaka 2014.

Mwenzangu anasema orodha inaua utamu wote. Jamani, ni mstari mmoja kwa kila mada! Sisi tunaandaliwa kuwa walimu. Programu ikikosea, mtoto hailaumu programu, anajilaumu mwenyewe.

Naishia hapa, kesho nina jaribio. Mnaobisha, nawasubiri kantini.