"Mama, nenda kalale": Mtoto anapotaka kulala mwenyewe, tumwachie au tumrudishe kitandani kwetu?



Wiki chache zilizopita binti yangu, ambaye anakaribia kutimiza miaka mitano, aliniambia neno ambalo sikulitarajia. Tulikuwa tumemaliza kusoma dua ya kulala, nimeshachomeka chandarua, na kama kawaida yangu nikajinyoosha pembeni yake kungojea apitiwe na usingizi. Akanigeukia akasema, "Mama, nenda kalale. Nimeshasoma, Allah ananiona."

Nilitoka. Kwa miaka minne nilikuwa nikilalamika kwamba mtoto huyu hanipi nafasi. Vyombo vinangoja, Isha inachelewa, na mara nyingi nasinzia mimi kabla yake. Usiku ule vyombo niliviosha mapema na Isha nikaiswali kwa utulivu, kisha nikakaa sebuleni nimejiinamia kama mtu aliyeachwa na gari kituoni. Baba yake alipoingia na kuniuliza kuna nini, sikuwa na jibu, kwa sababu hapakuwa na tatizo lolote.

Nilipowasimulia kina mama wenzangu baada ya darsa, niligundua kuwa hali hii wanayo wengi ila wanaona haya kuisema. Mzazi anafurahi kwamba mwanawe amekua, na papo hapo anaumia kwamba hahitajiki tena kama jana. Naona ni vyema tuizungumze katika safu hii, kwa sababu namna mzazi anavyoipokea hali hii inagusa usingizi wa mtoto, usafi wake na hata usalama wake.

Huzuni hiyo si aibu

Kwanza tujue kwamba kuumia huko si udhaifu wa imani. Katika Surat Al-Qasas, Allah (s.w) anatueleza jinsi moyo wa mama yake Nabii Musa (a.s) ulivyobaki mtupu baada ya kumtia mwanawe mtoni. Hakulaumiwa. Allah aliuimarisha moyo wake, na baadaye akamrudishia mwanawe. Hali kadhalika, Al-Aqra' bin Habis alipomwambia Mtume (s.a.w) kwamba ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja, Mtume alimjibu kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Basi huruma kwa mtoto ni katika dini yetu. Linalotakiwa ni kuiongoza huruma hiyo isije ikamdhuru yule tunayemhurumia.

Nakiri kuwa mimi mwenyewe niliteleza. Usiku wa tatu, baba yake akiwa safarini, nilimbeba binti yangu akiwa usingizini nikamleta kitandani kwangu. Nilijiambia kwamba namwonea huruma asije akaogopa. Asubuhi aliamka akalia, "Mbona umenihamisha? Mimi nilikuwa nalala mwenyewe." Hapo nikajua kwamba aliyekuwa anaogopa usiku ule ni mimi. Nilimwomba radhi, na jioni yake akarudi kwenye kitanda chake.

Makosa mawili

Wazazi wengi huangukia katika moja ya makosa mawili. La kwanza ni hilo langu, kumng'ang'ania mtoto aliyekwisha kuwa tayari, kwa sababu mzazi ndiye anayehitaji kumkumbatia. La pili ni la wale wanaomtoa mtoto kwa ghafla na kwa ukali. Amezaliwa mdogo wake, au baba amechoka kubanwa kitandani, basi usiku mmoja mtoto anaambiwa, "Wewe umekuwa mkubwa, nenda kule," na akilia anachapwa. Mtoto huyo hajifunzi kujitegemea. Anajifunza kwamba mdogo wake amemnyang'anya mama.

Wapo pia wanaosema kuwa kumtenga mtoto malazi ni desturi ya kizungu. Hapana. Mtoto mchanga anayenyonya mahali pake ni karibu na mama yake, wala hakuna anayebishana na hilo. Lakini Mtume wetu (s.a.w) ametuelekeza tuwaamrishe watoto swala wakifika miaka saba, na wakifika kumi watenganishwe katika malazi. Kwa maoni yangu, miaka kumi ni mwisho wa kuchelewa, si siku ya kuanzia. Mtoto aliyezoeshwa taratibu tangu miaka minne au mitano atafika kumi bila kilio.

Vilevile kutenganisha malazi hakuna maana ya kumfungia mtoto peke yake gizani. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja au viwili. Godoro lake dogo upande wa pili wa pazia, na shuka lake mwenyewe, ni mwanzo mzuri. Tumfundishe pia adabu ya kubisha hodi. Surat An-Nur imetaja nyakati tatu ambazo hata watoto wadogo waombe ruhusa kabla ya kuingia kwa wakubwa: kabla ya swala ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri na baada ya swala ya Isha.

Upande wa afya

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linaeleza kuwa mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji masaa 10 hadi 13 ya usingizi kwa siku, pamoja na wa mchana. Wataalamu wa usingizi wanatoa kiwango hicho hicho kwa wa miaka mitano, na masaa 9 hadi 12 kwa wa miaka 6 hadi 12. Sasa tupige hesabu. Mtoto wa miaka mitano anayeamshwa saa 11 na nusu alfajiri kwa ajili ya shule, akiwa halali mchana, anatakiwa awe amelala saa 1 na nusu usiku. Je, wangapi wetu tunafikia hapo? Wengi wanalala saa 4 mbele ya televisheni au na simu mkononi, halafu tunashangaa wanapopigwa darasani na madrasa kwa kusinzia.

Jambo la pili ni chandarua. Nyumba nyingi zina chandarua kimoja kizuri, kile mama alichopewa kliniki, na kimefungwa kwenye kitanda cha wazazi. Mtoto akihamishwa, chandarua hakihami naye. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na watoto wa umri wa kwenda shule ndio mara nyingi wanaolala bila kinga. Hili ni moja ya mambo yaliyoifanya Tanzania mwaka 2013 ianze kugawa vyandarua kupitia shule, ikianzia mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma. Kwa hiyo kabla ya kununua kitanda kipya chenye picha za wanyama, nunua chandarua chenye dawa, na uhakikishe kinachomekwa chini ya godoro.

Tatu ni kikojozi. Watoto wengi huacha kukojoa kitandani wakiwa na miaka mitano hadi saba, na wengine huchelewa bila kuwa na ugonjwa wowote. Mpeleke chooni kabla ya kulala, tandika mpira juu ya godoro, anika godoro juani, na usimwaibishe mbele ya wenzake. Lakini mtoto aliyekuwa ameacha kwa miezi sita au zaidi kisha akaanza tena, mpeleke hospitali. Huenda ana maradhi ya njia ya mkojo au kisukari, au kuna jambo linalomtia hofu.

Nne ni moto na hewa. Mtume (s.a.w) alituhimiza tuzime taa za moto na tufunge milango kabla ya kulala. Usimwachie mtoto kibatari wala mshumaa karibu na chandarua eti asiogope giza. Na jiko la mkaa lisiwekwe kabisa katika chumba cha kulala, kwani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Anakwenda kulala na nani?

Hili ndilo linalonitisha kuliko yote. Mtoto anapotoka kitandani kwetu, mara nyingi tunamwingiza katika kitanda cha mtu mwingine: msichana wa kazi, mjomba aliyekuja kutafuta kazi mjini, binamu mkubwa, mgeni wa harusi. Tunasema, "Ni ndugu huyo." Ndugu zangu, watoto wengi wanaodhuriwa hudhuriwa na watu wanaowafahamu. Mafundisho ya kutenganisha malazi ni kinga, na kinga hiyo inaanza kwetu sisi. Ni bora mtoto alale kwenye mkeka pembeni yako kuliko kwenye godoro zuri na mtu mzima usiyeweza kumhoji. Mfundishe kwamba sehemu zake za siri si za kuchezewa na yeyote, na kwamba akija kukuambia jambo usiku wowote, hutamfukuza.

Na tuache kuwalaza watoto kwa vitisho. Mtoto aliyeambiwa kila jioni kwamba zimwi litamla asipofumba macho, kesho atalalaje peke yake?

Tufanyeje?

Tuwe na utaratibu mmoja kila usiku: kuoga, kupiga mswaki, kwenda chooni na kutia udhu. Kisha akung'ute kitanda chake kama Mtume (s.a.w) alivyofundisha, kwani hujui kimeingia nini. Alale ubavu wa kulia, asome Ayatul Kursiy na sura tatu za mwisho kadiri anavyoweza. Wiki ya kwanza kaa pembeni yake, ya pili kaa mlangoni, ya tatu uwe chumba cha pili akisikia sauti yako. Akiamka na hofu, mwendee, mtulize, mlaze pale pale. Akiugua, mweke karibu nawe bila wasiwasi, atarudi kwake akipona.

Na wewe mzazi, usione umefukuzwa. Binti yangu sasa analala mwenyewe, lakini kila usiku kabla sijalala naingia taratibu chumbani kwake. Nachomeka chandarua alichokipiga teke, namfunika shuka, na namsomea kinga, kama Mtume (s.a.w) alivyokuwa akiwakinga kwa dua Hasan na Husein. Yeye hajui. Kazi hiyo haijaniondokea, na sidhani kama itaniondokea hata akiwa na nyumba yake.

Wabillahi tawfiq.